Watu Kumi na Wawili na Shilingi 39

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Leo sina sungura wala fisi. Nina kisa cha watu wazima waliokula kiapo, wakasema uongo mbele ya jaji, jaji akajua kabisa kuwa ni uongo, karani akauandika kwenye daftari la mahakama, na wengi waliokuwapo wakaona ni sawa tu.

Mambo hayo yalitokea London, tena si mara moja, katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Acheni niwachoree kesi moja ya namna hiyo, muione kama mmekaa benchi la nyuma. Kizimbani yuko msichana wa kazi za ndani. Anadaiwa kumwibia mwajiri wake. Mezani kuna vijiko vya fedha, shali ya hariri na sarafu kadhaa, vyote vimekutwa chini ya godoro lake. Mwenye mali anasema vina thamani ya pauni 5. Watu 12, raia wa kawaida walioapishwa kuamua kama mshitakiwa ana hatia, wananong'onezana kidogo. Kisha kiongozi wao anasimama na kutamka: ana hatia ya kuiba mali ya shilingi 39.

Sasa pigeni hesabu. Pauni moja siku zile ilikuwa shilingi 20. Pauni 5 ni shilingi 100. Shilingi 61 zimepotelea wapi? Watu 12 wenye maduka na karakana, wanaouza na kununua kutwa kucha, hawajui bei ya kijiko?

Kitendawili hicho. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mnanipa Babeli? Ni mji wa zamani sana, lakini haya, nimeupokea.

Nilikwenda Babeli, nikakuta jiwe. Jiwe jeusi, refu kupita mita 2, limeandikwa juu mpaka chini. Leo halipo tena nchi za huko. Wachimbuaji wa Kifaransa walilifukua Susa, nchini Iran, mwaka 1901 na 1902, na sasa limesimama katika makumbusho ya Louvre mjini Paris. Juu yake zimechongwa sheria karibu 280 za Mfalme Hammurabi, aliyetawala takriban miaka 3,800 iliyopita. Ile kanuni ya jicho kwa jicho mnayoisikia mitaani imo humo.

Wengi hudhani kanuni hiyo ni ukatili mtupu. Itazameni tena. Inasema jicho kwa jicho, na inaishia hapo. Mtu akikutoa jicho, huna ruhusa ya kukusanya ndugu zako kumi na mapanga mkafyeke ukoo wake mzima. Kisasi kimewekewa mpaka. Kwa watu waliozoea vita vya koo zisizosameheana, mpaka huo ulikuwa nafuu kubwa.

Lakini endeleeni kusoma jiwe. Ukimtoa jicho mtu huru wa tabaka la juu, nawe unatolewa lako. Ukimtoa jicho mtu wa tabaka la chini, unalipa kipande cha madini ya fedha, uzito wa kama nusu kilo, basi. Ukimtoa jicho mtumwa wa mtu, unamlipa bwana wake nusu ya bei ya mtumwa huyo. Macho ni yale yale, bei mbalimbali.

Na wizi je? Aliyeiba ng'ombe wa hekalu au wa ikulu alilipa mara 30. Aliyeiba ng'ombe wa raia wa kawaida alilipa mara 10. Na kama mwizi hana cha kulipa? Auawe. Kosa moja, ng'ombe mmoja, lakini mwenye mali anatoa mali na fukara anatoa roho. Hilo liwekeni kichwani, tutakutana nalo mbele.

Kuna moja iliyonikaa rohoni zaidi. Fundi akijenga nyumba mbovu, ikaanguka na kumuua mwenye nyumba, fundi auawe. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa fundi. Najua mmoja wenu ameshainua mkono kuuliza: mtoto wa fundi amekosa nini? Hakukosa chochote. Waliotunga sheria hiyo walihesabu hasara, mtoto kwa mtoto, wakasahau kuuliza nani aliyechanganya udongo vibaya.

Msidhani basi kwamba watu wa kale wote walikuwa hivyo. Kabla ya Hammurabi, yapata miaka 300, katika nchi zile zile, Mfalme Ur-Nammu wa Uru alikuwa na sheria zilizosema aliyemtoa mwenzake jicho alipe kiasi fulani cha fedha. Ulipaji ulitangulia, jicho kwa jicho likaja baadaye. Historia ya adhabu haiendi mbele tu. Huenda mbele, ikarudi nyuma, ikapinda.

Mji wa pili mmenipa Athene. Mwaka 621 KK, Draco aliwaandikia Waathene sheria zao. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba karibu kila kosa lilipewa adhabu moja: kifo. Aliyeua, kifo. Aliyeiba mboga au matunda, kifo. Inasemekana Draco alipoulizwa sababu alijibu kwamba makosa madogo yanastahili kifo, na kwa makubwa hakuona adhabu nyingine iliyo kubwa zaidi.

Kuna watu hata leo jibu hilo huwapendeza. Husema: huyo ndiye kiongozi, hana mchezo. Lakini mwizi wa mboga akiuawa sawasawa na muuaji, sheria imesema nini juu ya yule aliyeuawa? Imesema uhai wake ulikuwa na uzito wa fungu la mchicha. Ukali huo haukumheshimu marehemu, ulimshusha. Mwaka 594 KK Solon alikuja akafuta sheria za Draco, akabakiza zile za mauaji tu.

Mji wa tatu ni London yenyewe, na hapa nalipa deni langu.

Kufikia mwanzo wa karne ya 19, Uingereza ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake kisheria ilikuwa kunyongwa. Kuiba kondoo, kitanzi. Kuiba dukani bidhaa ya shilingi 5, kitanzi. Kumchomoa mtu mfukoni mali ya zaidi ya shilingi moja, kitanzi. Na kuiba ndani ya nyumba ya mtu mali ya shilingi 40 au zaidi, kitanzi.

Mmeshaona? Shilingi 40 ndizo zilizokuwa mstari. Ukifika 40, unanyongwa. Ukiwa 39, unafungwa, au unachapwa, au unapakiwa melini kwenda ng'ambo, na kuanzia mwaka 1788 ng'ambo yenyewe ikawa Australia. Wale watu 12 hawakuwa wamesahau bei ya kijiko. Walimtazama msichana kizimbani, wakatazama vijiko, wakaona havilingani na shingo yake. Kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kubadili sheria, wakabadili bei. Mwaka 1827 serikali ilipopandisha mstari hadi pauni 5, mali zilizoibwa zikaanza ghafla kuthaminiwa pauni 4 na shilingi 19.

Nusu ya kisa ni ya kuchekesha. Nusu nyingine haichekeshi. Huruma ya watu 12 haikuwa na utaratibu. Mshitakiwa mwenye sura ya kusikitisha alipewa shilingi 39. Mwingine wa kosa lile lile, aliyekutana na watu 12 wenye hasira siku hiyo, alinyongwa. Na wako waliokwenda mbali zaidi: wakimwona mtu ameiba kweli, wanasema hana hatia kabisa, anatoka mlangoni anapiga mluzi. Wenye maduka nao wakaanza kunyamaza. Mtu anaibiwa, mwizi anamjua, lakini haendi kushitaki, maana hataki kulala usiku akimfikiria mtoto wa jirani akining'inia kwa sababu ya kitambaa chake.

Mwaka 1830 likatokea jambo ambalo Draco asingeliamini. Wenye mabenki, kutoka miji mingi ya Uingereza, walipeleka ombi bungeni. Waghushi wa noti na hundi walikuwa wakiwatia hasara kubwa, na adhabu ya kughushi ilikuwa kifo. Mnadhani waliomba nini? Waliomba kifo kiondolewe. Hawakuwa wamewaonea huruma waghushi. Walitaka waghushi wapatikane na hatia, na hilo halikuwezekana wakati kila mtu mahakamani, kuanzia shahidi mpaka mwamuzi, anaogopa kuwa sababu ya mtu kunyongwa. Miaka michache baadaye adhabu hiyo ikafutwa.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike leo: adhabu iliyozidi kosa haimwonei mkosaji peke yake. Inawafundisha watu wema kusema uongo, na mwisho wake aliyeibiwa hapati haki.

Mwingine atasema: lakini babu, si inatisha? Watu wakiona mwenzao ananyongwa si wataacha wizi? Waandishi wa zama zile wamesimulia kwamba siku za kunyonga London ilijaa watu kama siku ya sikukuu, kila mmoja amenyanyua macho juu kwenye jukwaa, na chini, katikati ya msongamano huo, wachomoaji wa mifukoni walikuwa kazini.

Kijana mmoja wa Milano, Italia, alikuwa ameshaeleza sababu. Jina lake Cesare Beccaria, na mwaka 1764, akiwa na miaka 26, alichapisha kitabu kidogo kuhusu makosa na adhabu. Hakuweka jina lake, maana kuyasema hayo kulikuwa hatari. Alisema kinachomzuia mtu asikosee ni uhakika wa kukamatwa, na adhabu kufika mapema, hata kama adhabu yenyewe ni ya wastani. Mchomoaji anayejua kwamba atakamatwa mara moja katika mia haogopi kamba. Kila mwizi hujihesabu miongoni mwa wale 99. Mwaka 1786 mtawala wa Toscana, huko huko Italia, alifuta adhabu ya kifo nchini mwake.

Kabla ya Beccaria, mwaka 1748, Mfaransa Montesquieu alikuwa ameonya juu ya hatari nyingine. Mnyang'anyi na muuaji wakipewa adhabu ile ile, alisema, mnyang'anyi ataona heri aue, kwa sababu maiti hatoi ushahidi. Jiwekeni njiani usiku mkinyang'anywa. Je, hamtaki mwenye panga awe na sababu ya kuwaacha hai? Ngazi za adhabu ndizo zinazompa sababu hiyo. Zikiondolewa, aliyekwisha kukunyang'anya simu hana tena cha kupoteza.

Mnaona hayo ni ya Ulaya ya zamani? Rudini nyumbani. Sheria ya jinai ya Kenya, katika kifungu cha 296, inasema wizi wa mabavu ukifanywa na mwenye silaha, au na watu wawili au zaidi pamoja, au mtu akijeruhiwa, adhabu ni kifo. Kwa hiyo vijana wawili wanaompokonya mtu mkoba kwa nguvu, na jambazi aliyeua, sheria imewatajia adhabu moja. Kwa vitendo Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na marais wake wamebadilisha hukumu za maelfu ya wafungwa kuwa vifungo vya maisha. Lakini ngazi za Montesquieu hazipo hapo.

Kwa upande wa mauaji, hatua imepigwa. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Francis Muruatetu, iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila aliyeua ni kinyume cha katiba. Haikusema adhabu ya kifo imefutwa. Ilisema jaji asikilize kwanza: umri wa mtu, namna alivyoua, kama ni kosa lake la kwanza, kama amejuta. Miaka miwili baadaye, Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema jambo kama hilo kuhusu Tanzania, ambako pia sheria humlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyeua kwa kukusudia. Tanzania nayo haijanyonga mtu tangu 1994.

Kwa nini kumsikiliza mkosaji? Fikirini mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka mingi, siku moja akamrudishia kwa mchi, mume akafa. Fikirini mtu aliyelipwa fedha amuue mwanasiasa. Wote wameua. Mkiona hawa wawili wanafaa adhabu ile ile hadi siku ya mwisho, semeni. Mkiona hawafai, basi mmekubali kwamba lazima awepo mtu wa kupima.

Tanganyika nayo ilijaribu njia ya kutopima. Mwaka 1963 ilipitisha sheria ya kima cha chini cha adhabu kwa makosa kama wizi wa mifugo, rushwa na mtumishi wa umma kuiba mali ya umma: kifungo kisichopungua miaka 2, na viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Taifa lilikuwa changa, na kila senti ya umma ilikuwa na kazi. Hasira ilieleweka. Mwaka 1972 sheria mpya ikaja isiyokuwa na viboko hivyo. Rushwa, kama mjuavyo, haikwenda kokote.

Sasa tupumzike kidogo na historia, tuulize: adhabu ina kazi gani hasa? Nikiwasikiliza watu barazani, nasikia kazi tano zimechanganywa. Wako wanaotaka mkosaji aumie kwa sababu ameumiza. Wako wanaotaka wengine waogope. Wako wanaotaka awekwe mbali ili watu walale salama. Wako wanaotaka abadilike. Na yuko mmoja, mara nyingi amekaa pembeni kabisa, anayetaka mbuzi wake arudi.

Huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika upesi. Kesi ya jinai hufunguliwa kwa jina la Jamhuri. Mwizi akipigwa faini, faini huenda serikalini. Akifungwa, serikali humlisha. Mwenye mbuzi anarudi nyumbani na kamba mkononi. Mila zetu nyingi zilianzia kwake. Jomo Kenyatta, alipoandika juu ya desturi za Wagikuyu, alieleza kwamba aliyeua mwanamume, ukoo wake ulilipa mbuzi au kondoo 100, au ng'ombe 10, kwa ukoo uliofiwa. Kwa mwanamke walilipa 30, au ng'ombe 3. Naona wasichana mmenikunjia uso, na mna haki: mzani huo ulikuwa na kasoro ile ile ya jiwe la Babeli. Lakini wazo la kumtazama kwanza aliyeumizwa halikuwa baya. Leo sheria za Tanzania na Kenya zinaipa mahakama nafasi ya kuamuru fidia, na zinaruhusu mwenye kosa dogo atumikie jamii badala ya kwenda jela: afagie zahanati, apande miti, achimbe mitaro. Analala kwake, watoto wake wanakula, na mtaa unapata mtaro.

Na ile hadithi ya ng'ombe mmoja, tajiri akilipa na fukara akifa? Haijaisha. Kila siku mahakamani hutamkwa faini kiasi fulani au kifungo miezi kadhaa. Mwenye fedha hutoa pochi akarudi ofisini. Asiye nazo hupanda karandinga. Finland walilifikiria hilo tangu 1921. Huko, kwa makosa mengi, faini hupimwa kwa siku za kipato: kosa hili ni siku kadhaa, na siku yako ina thamani kulingana na unachopata. Mwaka 2023 tajiri mmoja katika visiwa vya Åland aliendesha gari kilomita 82 kwa saa mahali pa 50. Alitozwa euro 121,000. Muuza samaki akifanya kosa hilo hilo hulipa kidogo sana, na kila mmoja wao hushika kichwa kwa uchungu unaofanana.

Sasa nawapeleka mahali pazito. Nitakwenda taratibu.

Mwaka 1994 nchini Rwanda mamia ya maelfu ya watu waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baadaye magereza yalijaa washitakiwa zaidi ya 100,000, na mahakama za kawaida, kwa mwendo wake, zingemaliza kesi hizo baada ya watuhumiwa wote kuwa wamekufa kwa uzee. Ndipo zikaundwa mahakama za gacaca, mpaka kufikia kama 12,000, watu wakikaa kwenye nyasi kijijini kwao, waamuzi wakiwa majirani waliochaguliwa. Mpaka zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimesikiliza kesi karibu milioni 2.

Pale makosa yaligawanywa kwa ngazi. Waliopanga na kuongoza mauaji walikuwa kundi lao. Walioua kundi lao. Walioiba tu mali, mabati, ng'ombe, milango, hao walitakiwa kulipa au kurekebisha walichoharibu. Na aliyekiri, akasema alichofanya, akaonyesha walikotupwa marehemu, alipunguziwa kifungo, na sehemu ya kifungo chake aliweza kuitumikia kwa kazi za jamii. Mwaka 2007 Rwanda ikafuta adhabu ya kifo.

Gacaca hazikuwa safi. Washitakiwa hawakuwa na mawakili, wako waliosingiziwa kwa sababu ya ugomvi wa mashamba, na wako manusura waliokosa usingizi walipomwona muuaji anarudi kijijini mapema. Yote hayo ni kweli. Lakini ziwekeni kando ya London mzitazame. London adhabu isiyopimwa ilifanya watu wema waseme uongo. Rwanda adhabu iliyopimwa ilifanya wauaji wengi waseme kweli, na familia nyingi zikapata mifupa ya kuzika.

Kuna mahakama moja nyingine ambayo mnaijua ninyi kuliko mimi. Ni saa mbili usiku, kituo cha daladala. Mtu anapiga kelele: mwizi! Kijana anakimbia, anajikwaa, anaanguka. Hakuna anayeuliza jina lake. Jiwe la kwanza, la pili, kisha mtu anatokea na tairi. Simu yenyewe ni ya laki mbili. Hakuna aliyeuliza: ni yeye kweli, au alikimbia kwa kuogopa kelele? Ana miaka mingapi? Kenya, kwa sheria ya watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai; Tanzania ni chini ya miaka 10. Umati hauna muda wa kuuliza miaka.

Watu hao wanaojichukulia sheria mkononi si mashetani. Wengi wao ni baba zetu na kaka zetu, waliochoka kuona mwizi anapelekwa kituoni asubuhi na jioni yuko kijiweni. Pale uhakika unapopungua, watu hujaza pengo kwa ukali. Ndiyo maana Beccaria angewaambia: mkitaka tairi liondoke mtaani, hakikisheni kesi ya simu inasikilizwa, inamalizika, na mwenye simu anaona kwa macho yake.

Na kumbukeni ni nani ambaye hajawahi kupigiwa kelele ya mwizi kituoni: mtu aliyesaini karatasi ofisini, dawa za zahanati zikaishia kwenye duka lake. Mwizi wa kuku tunamwona na kuku wake mkononi. Huyu wa pili kuku wake hawana mabawa, na mama aliyejifungua usiku bila dawa hatajua amwite nani mwizi. Ukiniuliza mimi ni kosa lipi zito, sitauliza kilichoibwa kina bei gani tu. Nitauliza nani aliumia, wangapi, mkosaji alikuwa ameaminiwa kiasi gani, na alikuwa na haja au tamaa.

Sasa kazi yenu. Msiniandikie adhabu za majambazi; anzeni na darasa. Kioo cha dirisha kimevunjwa. Mkisikia kwamba aliyevunja atafukuzwa shule, mwalimu akiuliza, darasa zima litatazama chini: hatujui, mwalimu. Ninyi ndio wale watu 12. Mkisikia kwamba aliyevunja atasaidia kununua kioo na kukibandika Jumamosi, atasimama mwenyewe kabla ya kengele.

Andikeni makosa kumi ya darasani, kuanzia kuchelewa mpaka kuiba mtihani na kumpiga mwenzako hadharani. Kila moja lipeni adhabu yake, na kwa kila adhabu jiulizeni: nikimwona rafiki yangu amefanya hivi, nitasema kweli? Kama jibu ni hapana, imezidi. Kama aliyeumizwa akiisoma anacheka kwa uchungu, imepungua. Orodha ikikamilika, mpeni aisome yule mwenye makosa mengi kuliko wote, kisha yule anayeibiwa kalamu kila wiki. Wote wawili wakinung'unika kidogo, bandikeni ukutani.